Uwele wa jangwani: nafaka moja, mbegu zisizohesabika

Wasomaji wetu, mtu akisikia neno "jangwa," mara moja hufikiri mchanga mtupu, jua kali na mifupa ya ngamia. Hafikiri shamba. Hafikiri ghala. Wala hafikiri kwamba mama wa huko naye huamka alfajiri, husaga unga, huwapikia watoto na kuwafukuza njiwa wanaodonoa nafaka uani. Basi juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya watu walimao jangwani, na juu ya nafaka iwalishayo, nafaka ambayo asili yake ni hapa hapa Afrika yetu: uwele.

Kwanza tuujue uwele wenyewe, maana wengi huuchanganya na nafaka nyingine. Ulezi, ambao wazazi wengi wa Kivu waujua kwa uji na kwa pombe, una kichwa kilichogawanyika kama vidole vya mkono. Mtama una kichwa kipana chenye punje kubwa za mviringo. Uwele hauko hivyo. Bua lake lafanana na la mtama, ila ni jembamba zaidi; na juu yake husimama suke moja lililonyoka na kushikamana, mfano wa mshumaa mkubwa. Punje zake ni ndogo, za kijivu au za manjano, nazo zimebanana kama watu kanisani siku ya Pasaka. Wagogo wa Dodoma, huko Tanzania, waujua sana, kwa kuwa nchi yao ni kavu; na katika Niger, Mali, Chad na nchi nyingine za ukingo wa Sahara ndio chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu.

Wataalamu wachimbao mabaki ya kale walipata katika bonde la Tilemsi, kaskazini-mashariki ya Mali, vigae vya vyungu vyenye alama za punje za uwele uliokuwa umekwisha kulimwa na binadamu, na umri wake wapata miaka 4,500. Kutoka Afrika nafaka hiyo ilisafiri hadi Bara Hindi, nayo ilikuwa imekwisha kufika huko zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Wahindi wauita bajra. Leo India ndiyo nchi ilimayo uwele mwingi kuliko nchi zote za dunia: karibu hektari milioni 7, na zaidi ya nusu ya hizo zimo katika jimbo moja tu, jimbo la Rajasthan. Ndiko tutakakokwenda sasa.

JANGWA LENYE WATU

Magharibi ya Rajasthan liko jangwa la Thar, ambalo ukubwa wake wapata kilometa za mraba 200,000, na sehemu yake yavuka mpaka na kuingia Pakistan. Miji yake mikubwa ni Jodhpur na Bikaner. Mbele zaidi, kuelekea mchanga mwingi, iko Barmer na Jaisalmer. Ili mpate kuelewa ukavu wa nchi hiyo, linganisheni. Mjini Lubumbashi mvua ya mwaka mzima hufika karibu milimita 1,200. Jodhpur haifiki hata theluthi moja ya hiyo, na Jaisalmer hupata chini ya milimita 200. Tena mvua hiyo kidogo haigawanywi mwaka mzima: karibu yote hunyesha kati ya Julai na Septemba. Kabla yake, mwezi wa Mei na wa Juni, joto la mchana laweza kupita digrii 45, na upepo huhamisha vilima vya mchanga kutoka mahali hata mahali.

Hata hivyo nchi hiyo haikuachwa na watu. Thar ni mojawapo ya majangwa ya dunia yenye wakazi wengi. Wana ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Na mvua ya kwanza inyeshapo, kila nyumba hutoka kwenda kupanda. Zamani ngamia ndiye aliyevuta plau; siku hizi wengi hukodi trakta. Lakini mbegu ni ile ile: uwele, uliochanganywa na kunde ndogo ziitwazo moth, na choroko, na ufuta, na pengine matikiti yatambaayo katikati ya mistari. Mwenye shamba hajui ni kipi kitakachofaulu mwaka huo, kwa hiyo hupanda vyote pamoja. Mvua ikiwa nzuri, huvuna vyote. Mvua ikikatika mapema, hukosa kimoja na kupata kingine.

Tena kupanda mara moja huenda kusitoshe. Mara nyingi mvua ya kwanza hudanganya: mimea huchipuka, kisha upepo huifukia kwa mchanga, au jua huikausha kabla mvua ya pili haijafika. Hapo yawapasa kupanda upya. Neema ya uwele ni kwamba punje zake ni ndogo sana, hata kilo 4 au 5 zatosha hektari moja. Kwa sababu hiyo nyumba yenye busara haiweki mbegu ya kupanda mara moja tu. Huweka ya kupanda mara mbili au tatu.

MASUKE HAYAFANANI

Mgeni apitaye katika shamba la mahindi ya mbegu ya dukani huona mimea iliyosimama kama askari gwarideni: kimo kimoja, majani mamoja, magunzi yanayolingana. Katika shamba la uwele wa kienyeji hataona hivyo. Huu ni mrefu, huu ni mfupi. Huu una bua moja nene, na jirani yake ametoa mabua kumi kutoka shina moja. Suke hili ni laini, na lile limeota ndevu ngumu pande zote. Huu umekwisha kukomaa, na ule bado wachanua. Mgeni huweza kusema, "Watu hawa hawajui kulima." Kumbe mgeni ndiye asiyejua.

Tuchunguze tofauti hizo moja moja, tuone kazi ya kila moja.

Tuanze na wingi wa mabua. Huko magharibi, pande za Barmer na Bikaner, wakulima hupenda uwele wenye mabua mengi, membamba, na masuke madogo. Kwa nini wasipende suke kubwa? Sikilizeni hesabu yao. Mmea wenye bua moja huchanua mara moja tu. Ukame ukiupata siku zile za kuchanua, basi, mwaka umekwisha. Lakini mmea wenye mabua mengi hauchanui yote siku moja. Bua la kwanza likiunguzwa na jua, la tatu na la nne bado ni machanga. Mvua ikirudi baada ya wiki mbili, hayo hukua, huchanua na kuzaa. Mavuno si makubwa, lakini nyumba hula. Isitoshe, bua jembamba ndilo mifugo wapendalo kulitafuna, na jangwani mtu asiye na malisho hana maziwa.

Mashariki ya Rajasthan, kuelekea Jaipur na Alwar, ambako mvua ni nyingi zaidi, wakulima huchagua kinyume: bua nene na suke kubwa. Katika wilaya ya Alwar kipo kijiji kiitwacho Jakhrana ambacho jina lake limekuwa jina la mbegu, uwele wa masuke marefu unaojulikana na wataalamu wengi wa kilimo. Mbegu ya mashariki ikipelekwa magharibi, mwaka wa ukame huweza kushindwa. Na ya magharibi ikipelekwa mashariki, watu huiona kuwa ya kimaskini. Kila moja ni hodari kwao.

Ndevu za suke nazo si pambo. Uwele huiva wakati mmoja na kurudi kwa makundi ya ndege, na ndege hupenda punje zilizo wazi. Ndevu ngumu huwasumbua, huenda kutafuta suke jingine. Na upesi wa kukomaa ndiyo mali kubwa kupita zote. Zipo mbegu zivunwazo baada ya siku 65 au 70 hivi, na zipo zingojazo siku 90 na zaidi. Mbegu ya upesi huzaa kidogo lakini hukimbia ukame. Mbegu ya kuchelewa huzaa zaidi mvua ikikubali. Mkulima asiyejua mvua itakatika lini ana haki ya kutaka zote mbili shambani mwake.

Na Afrika yenyewe, nchi ya asili, ina tofauti kubwa zaidi. Nchini Niger huonekana masuke marefu kupita mita moja, hata mtoto akilisimamisha suke moja chini laweza kumfika kifuani. Mbegu za namna hiyo na zile ndogo za Barmer ni ndugu wa ukoo mmoja.

SIRI YA UA LA UWELE

Wanafunzi watauliza: tofauti hizi zatoka wapi, ikiwa baba alipanda mbegu kutoka ghala moja? Jibu limo katika ua. Katika suke la uwele sehemu ya kike hutangulia kutoka: nywele ndogo nyeupe, tayari kupokea chavua. Sehemu ya kiume, iliyo na chavua yenyewe, hutoka siku chache baadaye. Basi zile nywele zikiwa tayari, chavua ya suke lile lile bado haijatoka. Itakayofika ni ya mmea mwingine, iliyochukuliwa na upepo. Hivyo karibu kila punje ina mama yake na baba yake mbalimbali, na punje mbili za suke moja huweza kuwa na baba wawili tofauti.

Twaona, basi, kwamba mbegu ya kienyeji ya uwele si kitu kimoja kilichosimama. Ni kama kijiji. Katika kijiji watu wafanana, maana ni wa ukoo mmoja, lakini hakuna wawili walio sawasawa. Mwaka wa ukame wale wavumilivu ndio wanaozaa, na watoto wao huongezeka katika ghala. Ikifuata miaka mizuri, wale wa masuke makubwa huongezeka. Mbegu yajifunza nchi yake, kizazi baada ya kizazi, wala hakuna mtu aliyeifundisha darasani.

Lakini msidhani kwamba kazi hii ni ya upepo tu. Baada ya kupura na kupepeta, katika nyumba nyingi mama ndiye achaguaye punje nene na nzito kwa ajili ya mbegu. Huzichanganya na majivu ili wadudu wasizile, kisha huziweka katika chungu mbali na zile za kuliwa. Wako pia wakulima wachaguao masuke mazuri kabla ya kupura. Na wataalamu waliokaa na wakulima wa Rajasthan miaka ya 1990 waliona jambo jingine la kushangaza: wakulima wengi walinunua mbegu mpya ya dukani, si ili kuiacha ya zamani, bali ili kuchanganya kidogo ya hiyo mpya ndani ya mbegu yao. Wakaitazama miaka michache. Iliyostahili ikabaki, isiyostahili ikafa kwa ukame. Hao hawakuogopa kipya, wala hawakukitupa cha kale. Waliviozesha.

MAMA MMOJA WA MBEGU ZOTE

Sasa twafika mahali penye fundisho kubwa. Mwaka 1965 wataalamu wa India walitoa uwele chotara wa kwanza, ulioitwa HB-1. Ulikuwa kazi njema kweli kweli. Ulizaa kuliko mbegu za kienyeji, na serikali na wakulima wakaupokea kwa furaha. Zikafuata chotara nyingine. Katika miaka michache mashamba mengi yalibadilika.

Lakini chotara hizo za kwanza zote zilikuwa na mama mmoja: mbegu iliyotoka Marekani, iitwayo Tift 23A. Majina ya watoto yalikuwa mbalimbali, baba zao walikuwa mbalimbali, ila mama alikuwa yule yule katika kila shamba. Na mama huyo hakuwa na kinga ya ugonjwa mmoja mbaya wa uwele. Ugonjwa huo ni wa ukungu: majani machanga hupauka na kuota unga mweupe upande wa chini, na mmea ukifikia kutoa suke, badala ya punje hutoa vijani vidogo vya kijani, kama kwamba suke limesahau kazi yake. Mkulima huona shamba la majani, wala hapati kitu cha kupura.

Miaka ya 1970 ilipoanza, ugonjwa ukalipuka. Ulipopata njia ya kuuingia mmea mmoja, ulikuwa umepata njia ya kuingia yote, kwa kuwa yote ilikuwa na udhaifu ule ule. Mavuno yakaanguka vibaya, na chotara zile zilizosifiwa zikaondolewa moja baada ya moja. Ugonjwa huo haukuwa mgeni, wazee waliujua. Lakini katika shamba la mbegu za kienyeji huua baadhi ya mimea na kuiacha mingine, kwa sababu hazina udhaifu mmoja.

Hatuyasemi haya ili kuwadharau wataalamu. Wao wenyewe walijifunza, tena upesi. Walitafuta kinga, wakaipata wapi? Katika mbegu za kienyeji, hasa zile za Afrika Magharibi, ambako uwele na ugonjwa wake vimeishi pamoja muda mrefu. Mwaka 1972 kilianzishwa Patancheru, karibu na Hyderabad, kituo cha kimataifa kiitwacho ICRISAT, kichunguzacho mimea ya nchi kavu. Ghala lake la baridi sasa lina sampuli zaidi ya 20,000 za uwele, zilizokusanywa kutoka nchi nyingi za Afrika na Asia.

Faida yake ionekane kwa mifano miwili. Wa kwanza: mwaka 1990 jimbo la Haryana lilitoa chotara ya upesi sana, HHB 67, ikomaayo kwa siku 65 hivi, nayo ilipendwa mno katika nchi kavu. Baada ya miaka ugonjwa ule wa ukungu ukaanza kuinyemelea. Safari hii hawakungoja msiba. Walichukua kinga kutoka mbegu nyingine, wakaitia ndani yake, na mwaka 2005 chotara ile ile ikatolewa upya ikiwa na ulinzi. Wa pili: kutoka uwele wa kienyeji wa kaskazini ya Togo, ulio na punje nene na ukomaao mapema, walitengeneza mbegu iliyotolewa kwa wakulima wa India mwaka 1988. Baadaye katika hiyo wakachagua mimea yenye madini mengi ya chuma, wakapata mbegu iitwayo Dhanashakti, iliyotolewa mwaka 2012, kwa ajili ya kuwasaidia wanawake na watoto wenye upungufu wa damu. Tazameni basi: mwanamke wa Togo, aliyechagua punje nene uani kwake, amemsaidia mtoto wa India asiyemjua.

NJAA HULA MBEGU

Sasa wengine watasema: ikiwa mbegu zimekwisha kuwekwa katika ghala la baridi, mkulima wa Barmer ataabikie nini mbegu yake? Na aache, anunue ya dukani.

Twajibu hivi. Mbegu iliyo katika baridi ni salama, lakini imelala. Haioni joto likiongezeka, haionji ugonjwa mpya, haijifunzi kitu. Ile iliyo shambani ndiyo iendeleayo kubadilika pamoja na nchi. Ghala lasaidia kama daftari lisaidiavyo: lahifadhi yaliyokwisha kuandikwa, lakini haliandiki mapya. Yafaa kuwa na vyote viwili.

Na mbegu ya shambani iko hatarini kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni njaa. Wazee wa Rajasthan wangali wasimulia njaa ya miaka ya 1899 na 1900, waiitayo kwa hesabu ya mwaka wa kalenda yao, mwaka 1956, hata neno "hamsini na sita" lilikuwa kitisho kwa watoto. Watu walisaga magome ya miti wakayala. Mwaka 2002 mvua zilikosa tena vibaya sana. Safari hii serikali na njia za reli zilileta chakula, lakini mashamba mengi hayakutoa kitu. Katika miaka kama hiyo nyumba yenye akiba huhifadhi chungu chake cha mbegu. Nyumba maskini hukitazama, huwatazama watoto, halafu hukifungua. Nani atawalaumu? Mvua ikirudi, wao huenda sokoni kununua punje kwa mfanyabiashara, wasijue zatoka wapi. Pengine zatoka nchi ya mvua nyingi, ya masuke makubwa na bua moja. Wanapanda, na ukame ukija tena, hao walio maskini kupita wote ndio wenye mbegu dhaifu kupita zote. Hivyo umaskini huzaa umaskini.

Sababu ya pili ni kubadilika kwa kilimo. Mfereji mkubwa wa Indira Gandhi, ulioanza kuchimbwa mwaka 1958, umeleta maji ya mito ya kaskazini hadi sehemu za Bikaner na Jaisalmer. Penye maji hayo watu hulima ngano, haradali na pamba. Hatuwezi kuwalaumu, maji ni uhai. Lakini penye ngano chungu cha uwele husahauliwa.

Sababu ya tatu ni haya. Ndiyo, haya. Mkate mnene wa uwele, ambao Jodhpur huuita sogra, huliwa kwa samli na kitunguu. Na uji wake, raab, hupikwa kwa maziwa ya mtindi. Ni vyakula vyenye nguvu, na uwele una protini na madini ya chuma kuliko mchele mweupe. Ila unga wake una mafuta mengi kuliko unga wa nafaka nyingine nyingi, na kwa hiyo huwa mchungu ukikaa siku nyingi. Yampasa mama kusaga kidogo kidogo. Vijana wa mjini wakaona ni kazi ya bure, na ya kimaskini, wakapenda ngano. Siku hizi upepo umeanza kugeuka. Kwa ombi la India, Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogo, uwele na ulezi na ndugu zao, na hoteli za mijini zimeanza kuuza kwa bei kubwa chakula ambacho bibi aliambiwa akione haya.

NA SISI JE?

Kwetu Kongo hakuna jangwa. Lakini fundisho hili halikufungwa katika mchanga. Nendeni Kivu, mtazame kikapu cha maharagwe ya mama mkulima: mekundu, meupe, ya manjano, meusi, yenye madoa kama chui. Hupanda aina kumi au zaidi katika shamba moja. Hii yastahimili mvua nyingi, hii yastahimili udongo uliochoka, hii huiva upesi watoto wapate kula kabla ya nyingine. Mfanyabiashara wa mjini hataki mchanganyiko. Ataka rangi moja, maana ndiyo iuzikayo. Mama akimfuata mfanyabiashara katika yote, atapata fedha mwaka huu, na siku ugonjwa wa rangi ile utakapofika atakosa vyote viwili.

Hatumshauri mtu akatae mbegu bora. Mbegu bora imewashibisha wengi, na asiyetaka kujifunza huachwa nyuma. Lakini wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Panda mpya upande mmoja wa shamba. Itazame mwaka wa mvua na mwaka wa jua. Ya zamani usiimalize. Weka chungu kimoja cha mbegu ambacho hakifunguliwi kwa ajili ya jikoni ila pamekuwa na shida kubwa. Na jirani yako akipatwa na shida hiyo, umpe mbegu yako inayoijua nchi, asilazimike kupanda yoyote aipatayo sokoni. Kibaba kimoja hakitakufilisi, na mwaka ambao chungu chako kitakuwa kitupu, utajua mbegu yako iko wapi.

Nanyi wanafunzi, tunawapa kazi ya juma hili, wala si ngumu. Mkirudi nyumbani, chukueni daftari, mkae karibu na bibi, mmwombe awatajie majina ya maharagwe, ya muhogo, ya mahindi na ya ulezi aliyoyapanda tangu ujana wake. Andikeni kila jina, na mbele yake sifa yake: huiva lini, hupenda udongo gani, ladha yake ni ipi. Kisha mwulizeni: katika hayo, ni yapi yasiyoonekana tena? Hayo yaandikeni kwa wino mwekundu. Halafu zungukeni kijijini kuuliza kama kuna nyumba ingali nayo kibaba kimoja. Mkiipata nyumba hiyo, ombeni kiganja kimoja, mkipande.